Keni Zilizokaa Juani

Mkinitembelea hapa Vihingo nikawapikia chai, msishangae kuniona nayanusa maziwa kabla ya kuyamimina. Ni maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, nimemkamua mwenyewe, hakuna mkono mwingine uliopita hapo, na bado nayashuku. Mume wangu alikuwa akinicheka. "Mwanaidi," alikuwa akisema, "siku moja utajikamata mwenyewe ujitie ndani." Basi nyie vijana mnaojifunza kupima maziwa, mnaovaa makoti meupe yasiyo na doa, nataka niwaambie siku niliyojikamata.

Kazi yetu ni kushuku. Msidanganywe na wanaosema ni kupokea maziwa. Kupokea hata ndoo inapokea. Wewe umewekwa pale kwa sababu kuna watu wanaotia maji, na wanaotia maji hawana alama usoni. Nimeona mengi. Nimeona unga wa ngano umekorogwa ndani ili maziwa yaonekane mazito. Nimemwona kiluwiluwi akiogelea kwenye chujio, na mwenye maziwa ananiapia kwamba maji hayajui, labda kiluwiluwi ametoka kwa ng'ombe. Kuna baba mmoja aliongeza tui la nazi. Tui! Ananiletea mimi, Mzaramo wa Vihingo niliyekuna nazi tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilifunua keni yake ya maziwa nikamwambia, "Hapa ungeniletea na samaki kabisa, tupike." Alicheka, nikacheka, nikamkataa.

Mambo hayo yalinipa kiburi cha pua. Nikaanza kuamini kwamba nikimtazama mtu anavyoshusha keni nimeshajua alichokiweka. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shirima, mtu wa Kaskazini aliyehamia Mlandizi zamani. Alikuwa na mikono mipana na maneno machache. Kabla hajatumbukiza laktomita, hicho kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha namba, alikuwa anaweka mgongo wa kiganja chake kwenye ubavu wa keni, kama mama anayemgusa mtoto paji la uso kuona kama ana homa. Halafu ndiyo anachukua kipimajoto. Kila keni, kila siku. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Sababu alinieleza, nikaiandika kwenye daftari, nikaisahau humo humo.

Baadaye nikapelekwa kituo kidogo cha kupokelea maziwa upande wa Magindu. Kipimajoto kilivunjika mwaka wangu wa kwanza pale. Nikaandika barua ya kuomba kingine, haikujibiwa. Nikaandika tena, kimya. Nikazoea. Laktomita ninayo, pua ninayo, nikaona inatosha. Ikionyesha ishirini na nane kwenda juu, napokea. Ikishuka chini ya hapo, nasema yana maji, namkataa mwenyewe.

Kile kituo kilikuwa na baraza moja lenye bati na benchi refu. Waliokaa pale ni wanawake wa kijijini, wakulima wenye ng'ombe mmoja mmoja wa kisasa nyuma ya nyumba. Wengine walikuwa Wazaramo kama mimi, wengine wametoka bara siku nyingi. Wanawake wa Kimasai, ambao maboma yao yako mbali kidogo, walisimama nje kando ya ukuta, keni zao wameziweka chini kwenye changarawe. Mmasai akisogea barazani, anakuta mikoba imetandazwa kwenye benchi na khanga juu ya mikoba. "Pamejaa," anaambiwa. Foleni zikawa mbili. Ya barazani inapimwa kwanza, ya nje inafuata.

Nani alipanga hivyo? Hakuna aliyepanga. Mimi sikupanga, ila sikupangua. Na niseme ukweli, ilinifaa. Ng'ombe walikuwa wamekula mashamba ya watu mwaka ule, maneno yalikuwa mengi, na mimi nilikuwa nimeshaamua kundi la kushuku ni lipi. Lilikuwa limesimama peke yake kule nje, linaonekana vizuri.

Kanuni ya kukatwa jina niliipendekeza mimi. Mtu akikataliwa maziwa mara tatu, jina lake linafutwa kituoni na linasomwa kwenye mkutano wa kijiji, ili wengine waogope. Wa kwanza kusomwa alikuwa mwanamke wa Kimasai anayeitwa Namayani. Nilimsoma mwenyewe, kwa sauti nzuri, nikapigiwa makofi. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya watu wote. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Sasa Naserian. Huyu alikuja kituoni mwaka uliofuata, kijana, mrefu, anaongea kwa upole na hatazami chini ukimtazama. Mwanzoni maziwa yake yalikuwa sawa, kwa sababu ilikuwa msimu wa mvua na mawingu. Jua lilipotoka, namba zikaanza kushuka. Siku moja laktomita ikaonyesha ishirini na sita. Nikamkataa. Wiki haijaisha, ishirini na sita tena. Nikamkataa mara ya pili.

Mama Shukuru alikuwa malkia wa lile benchi. Mwanamke mnene, mchapakazi, mdomo wake hauna breki. Siku hiyo ya pili alimwita Naserian "Mama Bomba." Benchi zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo Naserian akipita, mmoja anaanza, "Shrrr," sauti ya bomba la maji lililofunguliwa, na wengine wanadakia, "Shrrr." Wasichana waliotumwa kuleta maziwa wakaiga. Watoto wa shule wakaiga njiani. Mimi nilikuwa nimeinamia kitabu changu cha kupokelea, najifanya nahesabu mistari. Siku nyingine nilitabasamu. Nawaambia hivyo kwa sababu mtu anayesimulia kuchekwa kwa mwenzake huwa anajisahau mwenyewe kwenye hadithi.

Yule binti alikuwa amebakiza mara moja tu. Akikosea tena, jina lake linasomwa mbele ya kijiji kizima kwamba ni mwizi, na mume wake na mama mkwe wake wamekaa pale wanasikia.

Nikaamua nimkamate kwa ushahidi. Sikutaka kumwonea, nilijiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuyaona hayo maji yakimiminwa. Asubuhi nikamwachia kazi mwenzangu Hadija, msichana mzuri lakini mwoga, nikamwambia apime foleni ya barazani na ya nje asiiguse mpaka nirudi. Nikapanda bodaboda hadi kwenye boma lao.

Naserian alinikuta getini pa miiba. "Shikamoo, yeyo," akasema. Yeyo kwao ni mama.

"Marahaba. Nimekuja kuona mnavyokamua," nikasema.

Alinitazama. Alijua. "Karibu uone," akasema.

Nikaona, basi. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama kila chuchu. Niliona dumu la maji kando ya mlango, moyo ukanidunda kwa furaha, aibu yangu hiyo. Alilitumia kunawa mikono na kuosha viwele, akalifunga. Nikamwomba aifunue keni kabla hajamimina, nikaingiza mkono ndani, kavu. Mama mkwe wake akaniletea chai yenye harufu ya moshi, maana vibuyu vyao huvisafisha kwa kijinga cha moto. Nikainusa. Yule bibi akasema kitu kwa Kimasai na Naserian akainamisha uso.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama wewe ni daktari au polisi."

Sikurudi na bodaboda. Nilitembea naye, hatua moja nyuma, macho kwenye keni kichwani kwake. Mwendo wa saa nzima. Akisimama kufunga kiatu, nasimama. Akiitua keni apumue, nakaa karibu nayo. Tulipovuka kajito kamoja njiani alisimama makusudi, akageuka akaniambia, "Yeyo, hapa ndipo penye maji. Sogea uone vizuri." Nikasogea. Nilisogea kweli, wanangu. Hakutia kitu.

Tulipofika kituoni ilikuwa saa tatu na jua limeshakaa sawasawa. Naserian akapanda ngazi ya baraza. Mkoba, khanga, mkoba, khanga. "Pamejaa," akasema Mama Shukuru bila kumtazama, halafu akaniona. "We Mwanaidi, umepotelea wapi? Njoo ukae."

Nafasi yangu ilipatikana mara moja. Mkoba ukainuka.

Sikukaa, na si kwa wema, msije mkanisifu. Niliogopa nikiiacha ile keni, watu watasema aliitia maji wakati sikumwona. Basi nikaenda nikasimama naye nje kando ya ukuta, kwenye changarawe, nailinda. Ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe, unarudisha joto lote usoni. Miaka yote nimefanya kazi upande wa pili wa ukuta ule na sikuwahi kuugusa. Nilikuwa na ushungi, jasho likaniingia machoni. Miguu ikaanza kuwaka kupitia kandambili. Wale wanawake wengine wa Kimasai walinipisha kidogo ili nipate kaupande ka kivuli cha mti wa uzio, upana wa bega. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na alinipisha mimi.

Barazani mtu akasema, "Leo Mama Bomba kapata askari." Kisha, "Shrrr."

Nawaambia, ile sauti nilikuwa nimeisikia mara mia. Nikiwa ndani ilikuwa utani tu. Siku ile ilinipiga kifuani. Nilijikuta natazama chini, nahesabu changarawe, mimi Mwanaidi nisiyetazama chini kwa mtu. Nikamwangalia Naserian kwa pembeni. Hakutikisika. Ila mkono wake ulikuwa umeshika mfuniko wa keni mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Foleni ya barazani ikaisha. Nikaingia, nikajaza maziwa yake kwenye chombo cha kupimia, nikatumbukiza laktomita. Watu wote wakasogea. Ikayumba, ikatulia.

Ishirini na sita.

Hadija akachukua kalamu. Mama Shukuru akasema, "Tatu hizo. Akatwe." Na bomba likafunguliwa tena, shrrr, benchi zima.

Nilikuwa nimeyaona yakitoka kwenye chuchu. Sikuwahi kuyatoa macho. Nikaishuku laktomita. Nikaishuku pua yangu. Kwa dakika nzima, Mungu anisamehe, nikashuku kwamba binti ana dawa. Nikamshuku na Hadija. Sikubakiza mtu, ila mmoja.

Ndipo nikaweka mgongo wa kiganja changu kwenye ubavu wa ile keni, sijui kwa nini, labda nilitaka kujishikilia nisianguke. Ilikuwa ya moto. Na Mzee Shirima akanijia kichwani na mikono yake mipana. Nililiona lile daftari, niliuona hadi mwandiko wangu: maziwa yenye joto ni mepesi, laktomita huzama ndani yake, utamwita mtu mwizi bure. Subiri yapoe.

Nikamwambia Hadija aiweke kalamu chini.

"Mama Shukuru," nikasema, "maziwa yako leo yalisoma ngapi?"

"Thelathini," akajibu, kidevu juu. "Muulize Hadija."

"Nipe kidogo."

Nikachota maziwa yake nikayatia kwenye sufuria ndogo, nikaifunika na kuiweka nje kwenye changarawe, pale pale kando ya ukuta. Nikachota ya Naserian nikayatia kwenye jagi, nikalisimamisha ndani ya beseni la maji ya mtungi, kivulini. Nikawaambia hakuna kuondoka na hakuna kugusa. Mimi nikakaa katikati ya ngazi, jicho moja kwa sufuria, jicho moja kwa jagi, maana hata hapo sikumwamini mtu.

Tulingoja. Hakuna aliyefanya shrrr. Nilipoona yametosha, nikapima ya Naserian kwanza, nikamwita Mama Shukuru asome yeye mwenyewe. Akainama. Akainuka akanitazama. "Soma," nikasema.

"Ishirini na tisa," akasema.

Nikapima ya kwake, yaliyotoka juani. Alisoma bila kuambiwa, na sauti yake ikafifia kabla haijafika mwisho. "Ishirini na sita."

Kule nje mmoja wa wale wanawake wa Kimasai akaanza. "Shrrr." Wakadakia. Walikuwa na haki nayo, walikuwa wameisikia miezi. Mama Shukuru alisimama katikati ya baraza lake, uso umemvimba, macho yamejaa maji. Nikiri kwamba niliona raha kidogo.

Naserian akageuka akasema neno moja kwa Kimasai, kali. Sauti zikakatika. Halafu akamsogelea Mama Shukuru.

"Mama, hilo ni jua tu," akasema. "Na mimi limenichoma. Wewe si mwizi."

Mama Shukuru akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Ng'ombe walikula mihogo yangu yote," akasema, kama mtu anayejibu swali lingine. "Shamba zima. Sikuuliza walikuwa wa nani."

"Hawakuwa wetu. Lakini nilisikia, na sikuja kukupa pole." Naserian akanyoosha mkono. "Pole, mama."

Sijui kama mnajua jinsi neno hilo linavyoweza kuchelewa halafu bado likafika. Mama Shukuru hakuomba msamaha, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Ninamjua. Lakini aliupokea ule mkono, na kesho yake nilipofungua kituo, mkoba wake ulikuwa magotini. Aliyekaa karibu naye akautazama, naye akainua wake. Benchi likawa refu ghafla. Keni zote zikaingia kivulini, na zile ambazo hazikutosha, mimi na Hadija tuliziwekea turubai. Nikafuta foleni ya pili. Nikaandika barua ya tatu ya kuomba kipimajoto, hiyo nikaipeleka kwa miguu yangu hadi mezani kwa mkubwa, nikakaa mbele yake mpaka akanipa.

Msifikiri palikuwa pepo. Waliendelea kusemana, na ng'ombe waliendelea kuingia mashambani. Maji nayo yaliendelea kutiwa. Mwezi haukuisha nikamkamata mmoja wa barazani, na baadaye mmoja wa Kimasai, wote baada ya kuyapooza na kuyapima mara mbili. Endeleeni kushuku, kazi inataka hivyo. Shuku maziwa, shuku chombo, shuku namba. Nyie siku hizi mna mashine inayowaandikia kila kitu kwenye kioo, lakini nayo haijui mwenye keni alisimama wapi akikungoja. Kabla hujamtazama mtu, gusa keni yake. Ikiwa ya moto, toka nje ukaone kwa nini.

Naserian hunitembelea bado, anapanda magari mawili kutoka Magindu kuja huku Vihingo, Kisarawe. Huniletea maziwa kwenye kibuyu, yananuka moshi. Nayanusa mbele yake, naye ananifanyia "shrrr" kwa sauti ndogo, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Ametoa ruhusa ya kuicheka, mimi nisingethubutu.

Ila siku ile ya jua, jioni, watu wameondoka, nilichukua kitabu cha zamani cha kupokelea. Nilikuwa naandika saa ya kupima kila keni. Nikatafuta jina la Namayani, yule niliyemsoma mkutanoni. Mara zote tatu alipimwa wa mwisho kabisa, saa tano kupita, kiangazi. Laktomita ilisoma ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na sita.

Nilikwenda kwenye boma lao kesho yake. Nilikuta miiba ya uzio imelala na majivu ya zamani. Waliniambia walihama muda mfupi baada ya mkutano, wengine wakasema wamekwenda upande wa Morogoro, wengine Handeni. Nimeuliza mnadani Mlandizi kila mwaka mpaka nimestaafu. Naserian ameuliza kwa watu wake. Hakuna anayejua, au hakuna anayetaka kuniambia mimi, na siwalaumu.

Nyie mtapangiwa vituo mbalimbali, mtafika nisikofika. Namayani ni mwanamke wa makamo sasa, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na anapoweka keni chini huugeuza mkono wa keni utazame nyuma. Mkimwona, msimweleze habari zangu, hana haja nazo. Mwambieni tu kwamba yalipimwa upya, na maziwa yake yalikuwa mazima.